Majina Yasiyokuwemo Daftarini

Mwaka 1971 niliandika uongo katika daftari la Serikali, nami sikujua kuwa ni uongo. Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba miezi michache tu nyuma, na mjumbe wa nyumba kumi alinipa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuwaandika watu wazima wote wa kijiji chetu, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia. Daftari lilikuwa na safu zake: jina, umri, kazi, anajua kusoma, hajui. Nilipofika kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi, nilimkuta barazani anasuka ukili. Hata sikumuuliza. Niliandika jina lake, nikaandika "mkulima", nikatia alama penye "hajui".

Akataka kujua nimeandika nini. Nikamsomea. Aliendelea kusuka kidogo, kisha akauweka ule ukili chini, akaingia ndani na kutoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua aliyokuwa akimwandikia shoga yake aliyeolewa Chole. Mistari imenyooka kama iliyopigwa rula, Kiswahili kitupu, ila herufi ni za Kiarabu.

"Nisomee na hii," akaniambia.

Chuoni, yaani madrasa, nilikuwa nimesoma juzuu kadhaa, lakini nilizoea msahafu wenye irabu zote juu na chini ya herufi. Mwandiko wa mkono usio na irabu ulinishinda. Nikamwambia siwezi.

"Basi na mimi nitafute daftari langu, nikuandike wewe."

Hakuwa anatania. Uso wake uliingia unyonge ambao mpaka leo nikiukumbuka naona haya. Mwanamke yule alikhitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja, akifundishwa na mama yake, yaani bibi yangu, ambaye alisomesha watoto wa kike uani kwake kwa miaka mingi. Alikuwa akiandika barua kabla mimi sijazaliwa. Lakini safu ya watu kama yeye haikuwepo katika lile daftari, na alama niliyoitia sikuifuta. Nilikwenda nyumba ya pili.

Naeleza haya kwa sababu nimefundisha watu kusoma kwa zaidi ya miaka thelathini, wakubwa na wadogo, na kila nikisikia mtu anasema fulani ana kichwa chepesi na fulani ana kichwa kizito, nalikumbuka lile daftari. Niliowaandika "hajui" siku zile walikuwa watu mbalimbali sana. Yupo aliyekuwa na mama aliyejua herufi, yupo aliyelelewa kwenye mashamba ya minazi ya wenyewe akawa anaokota nazi tangu meno ya utotoni hayajang'oka. Wote nikawapa alama moja.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa katika vuguvugu. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Tangu mpango wa kwanza wa miaka mitano, ule wa 1964, alikuwa akisema kwamba nchi haiwezi kukaa kungoja watoto wakue ndipo iendelee. Wanaolima na kuvua sasa ni wazazi wao, basi wafundishwe wao kwanza. Zikachaguliwa wilaya sita zitangulie, zimalize kazi kabla ya mwaka 1971 kwisha: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Upare na Dar es Salaam. Walimu wa shule hawakutosha, ndipo tukaitwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukapewa chaki na ubao na jina la walimu wa kujitolea, na shilingi 30 kwa mwezi.

Kazi yenyewe waliiita kufuta ujinga. Neno hilo sikulipenda hata siku moja. Mtu anayejua kuipitisha ngalawa kwenye mkondo usiku wa giza kwa kutazama nyota si mjinga.

Na hapo namkusudia mjomba wangu, kwa sababu bila yeye nisingelishika daftari lolote. Baba hakutaka nisome shule. Simlaumu. Wakati wa Mwingereza shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazee wa pwani waliogopa kwamba mtoto akipelekwa huko atarudi na jina jingine na dini nyingine. Shule ya karibu yetu ilikuwa ya Serikali, lakini hofu ya wazee ilikuwa bado ipo. Kwa mtoto wa kike ndiyo kabisa: chuoni, kisha ndani, kisha kuolewa.

Mjomba alikuwa nahodha wa jahazi, akipeleka mbata, yaani nazi zilizokaushwa, Dar es Salaam na wakati mwingine Kisiju, akirudi na mchele, sukari na vitambaa. Siku moja mwaka 1964 alikuja akaketi na baba barazani tangu alasiri hadi magharibi. Sisi watoto tulifukuzwa, lakini bibi alikuwa nyuma ya mlango na ndiye aliyenihadithia baadaye. Mjomba alieleza kwamba alipeleka shehena ya mbata za wanakijiji kwa mnunuzi mmoja mjini. Yule mnunuzi akapima, akaandika karatasi, akamsomea frasila kumi na moja, akamwambia atie dole gumba. Akatia. Njiani kurudi mabaharia wake wakahesabu magunia kichwani, wakapiga moyo konde wakamwambia: nahodha, haiwezekani. Na wenye mbata zao walikuwa wanamngoja pwani. Wapo walioamini maneno yake, na wapo waliosema nahodha amekula.

"Shemeji," alimwambia baba, "mimi jahazi naliendesha kwa macho, karatasi siwezi. Mtoto huyu niachie."

Kwetu mjomba ana kauli juu ya watoto wa dada yake. Baba akakubali, kwa sharti la bibi kwamba chuo nisiache. Ikawa alfajiri chuoni, asubuhi shuleni. Sare ya kwanza alinunua mjomba. Masika yalipojaza hori lililokuwa njiani, kama yupo nchi kavu, alinivusha mabegani.

Ile karatasi ya mbata aliihifadhi ndani ya kasha lake, chini kabisa, imefungwa kwenye kitambaa. Nilipofika darasa la nne nilimwomba anipe nimsomee. Akakataa.

"Hii nitaisoma mwenyewe."

Turudi kwenye darasa langu. Siku ya kwanza, chini ya mwembe, walikuja watu watatu, wote wanawake. Siku ya pili wawili. Wanaume walipita mbali, wakatusalimu, wakaenda zao. Nani akae mkekani, mtu mzima mwenye wajukuu, afundishwe na kijana wa kike aliyemwona akizaliwa? Mjumbe alitisha kwamba atakayekosa ataandikwa jina lake. Wakaja kumi, wakakaa kama watu waliokamatwa, na juma lililofuata hawakuonekana.

Aliyeligeuza jambo lile ni Maalim. Alikuwa mzee sana tayari, nusu ya kijiji imepita mikononi mwake na kwenye bakora yake. Alimwita mjumbe, akamwambia darasa lihamie barazani kwa chuo chake, maana chini ya mwembe mvua ikinyesha watu watatawanyika. Ijumaa, baada ya sala, akawakumbusha watu kwamba kutafuta elimu ni faradhi. Hayo mtu angeweza kuyasikia akaenda kulala. Lakini Jumamosi jioni nilipofika barazani na ubao wangu kichwani, nilimkuta Maalim ameketi mkekani, mstari wa mbele, kanzu safi, na mkononi ameshika ujiti wa ukuti, ule ule tuliokuwa tukionyeshea herufi tulipokuwa watoto.

"Shikamoo, Maalim," nikasema, miguu inanitetemeka.

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuanze. Alifu yenu ni ipi?"

Nikaandika *a* ubaoni. Akaielekezea ujiti wake, akaisema kwa sauti, kama tulivyokuwa tukisema sisi mbele yake. Nyuma yangu, barabarani, wanaume waliokuwa wakipita walisimama. Jumatatu walikuja kumi na wanane.

Nimefanya kazi chini ya maofisa wengi wa elimu tangu wakati ule, na nimesoma miongozo mingi. Sijaona mwongozo uliofanya lile alilofanya mzee mmoja kwa kuketi tu. Aliwapa wenziwe ruhusa ya kutojua. Mtu mzima hashindwi na herufi; hushindwa na macho ya watu. Maalim aliyachukua macho ya watu akayaweka juu yake yeye.

Somo la kwanza sikuanza na ukurasa wa kwanza wa kitabu. Nilianza na *nazi*. Kila aliyekuwepo alikuwa amefua nazi siku ile, au amekuna, au amesuka makuti. Herufi nne tu, na ukizigeuzageuza unapata *zina*, unapata *ni*, na ukiongeza *m* unapata *mnazi*. Mzee mmoja aliangalia ule ubao kwa muda, akasema: "Kumbe mnazi unatoka kwenye nazi hata huku." Darasa zima likamwelewa.

Mama mdogo alikuja juma la tatu. Bado alikuwa na donge nami, na alikaa nyuma kabisa. Lakini alikwenda kama moto wa makuti. Katika miezi miwili alikuwa anasoma. Mkaguzi aliyekuja kutoka Kilindoni alimsifu kwa kichwa chake, na mimi nikanyamaza, ingawa nilijua jibu. Yale ambayo wengine walikuwa wakiyatafuta kwa jasho, kwamba alama inashika sauti na kwamba sauti zikiunganishwa zinakuwa neno, yeye aliyapata uani kwa mama yake akiwa na miaka sita. Kazi iliyobaki ilikuwa kugeuza mkono utoke kushoto kwenda kulia, na kuzoea kwamba irabu zimeteremka zikaketi sawa na herufi nyingine. Na alipozizoea alifurahi kwa jambo ambalo mimi mwalimu sikuwahi kuliwaza. Alichukua chaki akaandika *mbele* na *mbili*, moja chini ya jingine. Katika mwandiko wake wa zamani maneno hayo mawili yanafanana; msomaji hukisia kwa maana. "Hizi zenu," akaniambia, "hazimwachii msomaji kukisia."

Ndipo na mimi nikamwomba anifundishe mwandiko wake. Kila Alhamisi usiku, kwa kibatari, alinisomesha kusoma barua zisizo na irabu. Hayo hayakuandikwa popote kuwa ni kisomo.

Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu zaidi ya milioni mbili nchini walikaa vikundi wakasikiliza redio na kusoma vitabu vyake vidogo: malaria, kichocho, uchimbaji wa vyoo. Kila kikundi kilihitaji mtu wa kuwasomea wenzake, na chetu kilimchagua mama mdogo. Alisoma kwa mahadhi kidogo, kama asomaye maulidi, na watu wakapenda. Shimo la choo cha kwanza upande wetu lilichimbwa uani kwake.

Sasa niwaeleze habari ya wake wenza, kwa sababu hao ndio walionifundisha zaidi.

Mke mkubwa ndiye aliyelelewa kwenye mashamba ya watu. Chuo hakukijua, penseli hakuwahi kuishika. Mkono wake, uliozoea panga na kifuo, ulikuwa ukivunja chaki. Mwaka mzima ulipita akiwa bado anababaika na *ba be bi bo bu*, na mimi, kwa utoto wangu, nilikwisha kukata tamaa naye. Ila kitu kimoja kilinishangaza: hakukosa hata siku moja. Wengine waliugua, walifiwa, walikwenda kuvuna. Yeye, Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, saa kumi kamili yupo mkekani, amekoga, amevaa doti yake safi. Na alikuwa na watoto watano.

Siku moja alisahau kitabu, nikampelekea kwake baada ya isha. Nilipofika uani nikakuta kibatari kimewekwa juu ya kinu. Mke mdogo alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mtoto mchanga wa mwenziwe amelala mgongoni mwake ndani ya kanga. Mbele yake mke mkubwa ameushika ungo. Ndani ya ungo ametandaza unga wa mchele, mwembamba kama vumbi, na kwa kidole ameandika *kuku*.

"Soma," akamwambia mwenziwe.

Yule akaacha kukuna, akainama, matone ya tui yanadondoka kwenye vidole. "Ku... ku."

Mke mkubwa akautikisa ungo mara moja, unga ukatanda upya kama haujawahi kuandikwa kitu. Akaandika neno jingine.

Nilisimama nyuma ya ua wa makuti kwa muda mrefu kabla ya kupiga hodi. Walipatana hivi: siku za kisomo mke mdogo anapika zamu zote mbili, anafua nazi za nyumba nzima na kuwachukua watoto wote, usiku mwenziwe anamlipa kwa herufi. Chaki ilimshinda mke mkubwa, lakini kwenye unga kidole chake hakikukosea. Na kwa kuwa alikuwa lazima amfundishe mtu usiku, mchana alisikiliza kwa masikio ya mwalimu. Toka siku ile niliacha kumpa chaki. Nikamwambia aje na ungo wake. Wanawake wengine wakaja na zao. Darasa langu likanukia unga.

Katika daftari yumo mmoja. Mke mdogo hakuandikishwa, kwa hiyo alipojua kusoma hakuna aliyemhesabu, na alipokuwa akipika zamu mbili hakuna aliyemhesabu pia. Siku hizi watu wakiniuliza ni nini kinachomfanya mtu mzima amalize kisomo, huwauliza kwanza: nani anapika siku hiyo?

Sikufanikiwa kwa wote. Yupo mwenzangu mmoja, rika langu, tulikaa ubavu kwa ubavu chuoni. Aliolewa na miaka kumi na mitano. Alitamani kusoma kuliko mtu yeyote niliyemjua. Akichota maji kisimani alikuwa akinikamata mkono, nimwandikie jina lake mchangani. Mume wake alikataa, kwa kuwa darasa lilikuwa la jioni na lilichanganya wanaume. Nikafungua la wanawake baada ya adhuhuri. Akasema basi nani atapika. Mimi nikakasirika, na hapo kisimani, mbele ya watu, nikamtaja mume yule kwa neno lisilofaa. Lilimfikia kabla ya magharibi. Toka siku hiyo mke wake hakuruhusiwa hata kuja kisima kile.

Lililonichoma baadaye ni hili: mama mkwe wake alikuwa mwanafunzi wangu. Siku tatu kila juma alikuwa anaketi mbele yangu na ungo wake. Ningelimwendea yeye kwa adabu, na karafuu na kahawa, nikamwambia, "Bibi, mkweo naye anatamani," kijana yule asingelikuwa na pa kusimama. Msaada ulikuwepo nyumba ile ile, mimi nikautafuta ugomvi.

Mwenzangu huyo, miaka mingi baadaye, binti yake aliolewa Dar es Salaam, na barua zikawa zinakuja. Alikuwa akiniletea nimsomee. Siku moja mwaka 1988 tulikaa ukumbini kwangu, nikafungua bahasha, nikaanza salamu: mama mpenzi, sisi huku hatujambo kidogo. Kisha macho yangu yakatangulia mbele ya ulimi. Mtoto mchanga alikuwa amekufa. Mjukuu wake wa kwanza. Nikasita.

"Mbona umenyamaza?"

Nilijua habari ya mjukuu wake mistari miwili kabla yake yeye. Hakuwa na haki ya kuipokea peke yake, kuiweka chini, kuichukua tena. Ilimfikia kwa mdomo wa mtu mwingine, na huyo mtu ndiye aliyefunga njia yake kisimani. Ada za shule za msingi zilipofutwa mwaka 2001 mjukuu wake mwingine akaanza darasa la kwanza, na kwa kumsimamia kazi za nyumbani bibi naye akaokota herufi moja moja. Sasa hivi meseji za simu anasoma mwenyewe, polepole, akizitamka kwa midomo. Hunionyesha nyingine. Nyingine hanionyeshi, nami nafurahi.

Mwisho ni mjomba.

Yeye alikuwa miongoni mwa wale kumi na wanane waliomfuata Maalim. Akiwa safari anakosa, akirudi anakuja. Na hakuelewa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alishika kitabu, akakunja uso, akasema macho yanamuuma, akaanza kusimulia habari za bahari mpaka wenziwe wakacheka. Vijana wakamwita kichwa cha papa. Mimi niliyevushwa hori mabegani mwake nilijisikia msaliti kwa kushindwa kumfikisha.

Agosti 1975 ulikuja mtihani wa kisomo wa nchi nzima. Watu walipimwa kwa hatua. Aliyefika ya tatu na ya nne ndiye aliyehesabiwa kuwa anajua kusoma na kuandika. Mama mdogo alifika ya nne. Mke mkubwa alifika ya tatu, akalia mbele ya watu. Maalim hakuuwahi mtihani. Tulimzika masika ya mwaka uliotangulia, na ujiti wake ninao mimi. Mjomba hakupata hata hatua ya kwanza.

Kwa taifa zima ilikuwa furaha, na ilistahili kuwa furaha. Mwaka 1967 watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. 1975 wakabaki asilimia 39, na kufikia 1986 wakawa chini ya 10. Niliiona kazi ile kwa macho na najivunia. Ila niliona pia waliosahau. Gazeti halikufika kwetu, vitabu vya kisomo vikaliwa na mchwa, uchumi ukabana na posho zikakatika. Waliodumu ni wale waliokuwa na mtu wa kumwandikia au mtu wa kumfundisha.

Baada ya mtihani ule, jioni moja, nilikuwa nimekaa na mjomba pwani. Mbele yetu, juu ya ukuta wa ghala, palikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyeusi, yamepakwa siku zile zile. Hatukuwa tunazungumza. Nikamsikia ananong'ona: "U... hu... ru... na... ka... zi."

Nikadhani amekariri, maana wito ule ulikuwa midomoni mwa kila mtu. Nikamuuliza lile jahazi jipya linalotia nanga linaitwaje. Hakuwahi kuliona. Akalitazama shetri lake, kule mbali, mimi mwenyewe nikiwa nakaza macho, akasoma silabi kwa silabi.

Moyo ukanipiga. Nikatoa kitabu mkobani nikampa. Akakishika, akakunja uso. Akakisogeza mbali, mkono ukanyooka wote, bado. Nikaokota kipande cha mkaa, nikaenda kwenye ukuta wa ghala, nikaandika maneno makubwa ambayo hatujawahi kuyasoma darasani. Akayasoma yote.

Miaka minne. Miaka minne tulimwita kichwa kigumu mtu asiyeona cha karibu. Mganga wa zahanati aliniambia ni macho ya utu uzima, wanayo wengi waliofika arobaini. Wengi! Nikaanza kuwahesabu niliowaona wakisogeza kitabu mbali, wakikunja uso, wakiondoka polepole mmoja mmoja, nami nikiandika "mtoro" mbele ya majina yao.

Binamu yangu aliyekuwa kuli bandarini Dar es Salaam alitumiwa habari. Kaskazi ilipovuma akaja na miwani aliyoinunua Kariakoo, fremu nyeusi, mkono mmoja umefungwa uzi. Mjomba aliivaa, akatazama kiganja chake kwa muda mrefu kabla ya kutazama kitabu.

Majuma sita yalitosha. Siku hiyo aliniita nyumbani kwake na kuniambia nikae. Akalifungua kasha, akatoa nguo moja moja mpaka chini, akakifungua kile kitambaa. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, imekatika kwenye mikunjo. Akaitandaza juu ya msala, akavaa miwani, akaweka kidole.

"M-ba-ta," akasoma. Kidole kikasogea. "Fra-si-la..." Akakaa kimya. Namba alizijua kuliko maneno. Nahodha hawezi kukosa hesabu. "Kumi na nne."

Akarudia kutoka mwanzo, akafika pale pale.

Mke wake alikuwa mlangoni, naye hakusema kitu. Wenye mbata zile wengi walikuwa wamekwisha kufa, na wengine walikufa wakiamini nahodha amekula. Nilitaka kumwambia neno, nisijue lipi. Yeye akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Nipe penseli."

Chini ya karatasi kulikuwa na alama ya dole gumba lake, buluu iliyofifia, mistari yake bado inaonekana kama maji yaliyotulia. Mjomba akainama, miwani ikamteleza puani, akairudisha. Kisha pembeni ya lile dole, kwa herufi kubwa zilizopinda kidogo kwenda juu, akaandika jina lake.